Chupa Iliyomfanya Lusajo Alikatae Titi

Kamwene, akina mama wenzangu, na akina baba wachache mliokubali kubaki. Mimi nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia, kwa hiyo nimeandika, na nitasoma kama nilivyoandika. Nimeishia darasa la saba. Palipo na kosa la lugha mnisamehe. Palipo na kosa la mambo yenyewe mnikatize hapo hapo, maana wengine waliomo kwenye habari hii wamekaa humu ndani na sitaki kumsingizia mtu. Nimeandika na kufuta mara nyingi. Ya kwanza ilitoka hasira tupu, nikaona siwezi kuisoma kanisani. Hii ina hasira pungufu kidogo. Kidogo tu.

Kwetu ni Mbalizi, kule Mbeya. Mama yangu anauza ndizi na maparachichi kando ya barabara mpaka leo. Nimeolewa hapa Mafinga na Festo, fundi seremala mnayemjua, aliyetengeneza milango ya nyumba nyingi za hapa. Mimi nafanya kazi kiwandani, ile sehemu ambayo gogo linamenywa na mashine kama unavyomenya kiazi, linatoka ganda jembamba la mbao. Wanawake tunayakagua yale maganda, tunaziba nyufa kwa utepe wa gundi, tunayapanga. Ni kazi ya kusimama. Naipenda. Sikuwa mtu wa kuumwa. Hata nilipojifungua nilitoka siku ya pili natembea mwenyewe.

Mtoto nilimpa jina la kwetu, Lusajo. Mama mkwe wangu alicheka akasema, "Mhehe mzima anaitwa Lusajo! Haya, asipoitika msinilaumu." Lakini ndiye aliyembeba kuliko wote. Naomba hilo mlishike mpaka mwisho: mama mkwe anampenda yule mtoto.

Maziwa nilikuwa nayo. Yalilowanisha blauzi nikisikia tu mtoto wa jirani analia. Lusajo alinenepa mikono ikawa na mikunjo. Likizo ya uzazi ilipokaribia kuisha nikaanza kuwaza, huyu nitamwachaje? Kiwandani mtoto haingii, vumbi la mbao litamuua. Mama mkwe alikubali kukaa naye. Nikasema basi, nitakamua, atapewa maziwa yangu.

Nikaenda dukani kununua pampu na chupa. Mwenye duka hakuniuliza mtoto ana umri gani wala kama ananyonya. Nilimwuliza, "Baba, ipi inamfaa mtoto anayenyonya?"

Akasema, "Chupa ni chupa, mama. Tofauti ni picha."

Nikachagua yenye picha ya tembo. Pampu ikawa ile ya kubinya kwa mpira, kikombe chake kidogo, ilikuwa ya aina moja tu. Simlaumu sana yule baba. Anauza ndoo, betri, misumari na chupa za watoto, hakusomea maziwa. Lakini angesema "sijui" ningeuliza kwingine. Neno "sijui" halimpunguzii mtu mauzo.

Siku ya kwanza kazini nilimfuata msimamizi wetu. Nilikuwa nimesikia, na ni kweli, kwamba sheria inampa mama muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Nikamwomba muda wa kukamua na mahali penye mlango.

Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, bosi."

"Sasa utamnyonyesha nani hapa? Muda ule ni wa mwenye mtoto mkononi."

"Maziwa ndiyo ya mtoto, bosi. Nikiyakamua si nimemnyonyesha?"

Akacheka, akageukia wenzake. "Hapa tunatoa mbao, dada. Maziwa yanatoka kiwanda kingine." Wakacheka wote. Mmoja akatoa sauti ya ng'ombe.

Nilicheka na mimi. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilicheka. Niliporudi mahali pangu uso ulikuwa unawaka moto.

Basi nikawa nakamulia chooni. Naomba mfikirie. Choo cha kiwanda, unachuchumaa umeshika kopo kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabinya mpira, na nje mtu anagonga, "We mama, umelala humo?" Kile kikombe cha pampu kilikuwa kidogo kwangu, chuchu iliingia ikabanwa pembeni, ikaanza kuchubuka. Ikapasuka. Nikawa naharakisha, natoa kidogo, najifunika, narudi. Siku nyingine nilipitiliza bila kukamua kabisa, nikafika jioni matiti magumu kama yamejazwa mchanga.

Kule nyumbani mwanzoni Lusajo alikuwa anaichezea ile chupa, ananyonya anapumzika, ananyonya anapumzika. Mama mkwe alilalamika, "Huyu ananimalizia mchana wote." Halafu siku moja nikarudi akanipokea kwa furaha. "Mwanao sasa ni mwanaume. Anaimaliza kabla sijakaa vizuri!" Nikafurahi. Sikuuliza kimebadilika nini. Nani anauliza akiambiwa mtoto anakula?

Baada ya hapo kidogo, Lusajo akaanza kulikataa titi.

Nilirudi kazini, nikanawa, nikamweka. Akalishika, akavuta mara mbili tatu, akaliachia akapiga kelele. Nikamrudishia. Akajikunja kwa nyuma kama upinde, akalipiga titi kwa mkono. Mtoto wangu mwenyewe ananipiga. Nikambadilishia upande, hivyo hivyo. Maziwa yanadondoka kwenye shingo yake na yeye analia njaa. Festo akasema labda nanukia vumbi la mbao. Nikawa naoga kabla sijamgusa. Nikabadilisha sabuni. Nikaacha vitunguu. Akipewa chupa anameza mpaka maziwa yanamtoka puani. Akipewa titi, vita. Na tumbo likaanza kumwendesha, mikunjo ya mikono ikaanza kupotea.

Ndipo neno likaanza kupita.

Mnalijua neno lenyewe, na wengine mmelisema. Kubemenda. Kwamba baba au mama akitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, maziwa yanaharibika, mtoto anadhoofika na kulikataa titi. Jirani yetu Mama Eliza alikuja kumwona mtoto, akamshika kichwani, akatikisa kichwa chake yeye. Akamwambia mama mkwe, wala hakupunguza sauti, "Mtoto anajua. Wewe mtu mzima utadanganywa, mtoto hadanganyiki."

Mama mkwe alisubiri Festo atoke, akaja kukaa karibu yangu. "Mama Lusajo, mimi si polisi. Niambie tu, kuna kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Kule kiwandani kuna wanaume wengi."

Nilitamani kupasuka. Mimi ninayekamulia chooni! Ninayetoka kule miguu imevimba! Nilimjibu kwa adabu kwamba hakuna kitu, akasema haya, akaenda kuosha vyombo. Festo nikamweleza usiku wake. Sikatai, hakunishtaki. Lakini alinyamaza, na alipaswa kusema neno.

Siku zile zile titi la kushoto likapata uvimbe upande wa kwapani, kama kokwa la parachichi. Ngozi ikawa nyekundu, inang'aa, inawaka. Nikaanza kutetemeka juani, meno yanagongana. Nilidhani ni malaria, au baridi ya Mafinga ile ya mwezi wa sita. Nikaenda zahanati. Wakanitoboa kidole, malaria hakuna. Nesi akamtazama Lusajo, akatazama kadi yake, mstari wa uzito umelala. Akaanza kunifokea mbele ya benchi zima.

"Ukiwa kazini unampa nini huyu?"

Ukutani kwake pana bango kubwa la kukataza chupa. Mara ya mwisho nilipokwenda, mama mmoja alitoa chupa kwenye pochi pale pale, akanyang'anywa na kusemwa mpaka akalia. Mimi chupa yangu ilikuwa kwenye mkoba, imefungwa kwenye nepi. Nikasema, "Anapewa kwa kikombe, nesi."

Nilidanganya. Hilo ni la kwangu. Lakini naomba nesi naye achukue la kwake, maana aliendelea kusema, "Sasa mbona amekuwa hivi? Au mmembemenda?" Akacheka. Benchi likacheka. Nikapewa dawa ya maumivu na ya kuharisha ya mtoto, nikaenda zangu. Titi langu hakulitazama. Nilimwambia linauma, akasema, "Ni maziwa hayo, kanyonyeshe."

Mtoto hanyonyi! Ndicho nilichokuja kukisema!

Nataka kuwa wa haki. Kukataza chupa wana sababu. Chupa isiyosafishwa vizuri inajaza watoto wodini, yule nesi amewaona wengi. Lakini ukimtisha mama mpaka aifiche chupa, umeipata faida gani? Chupa bado ipo, wewe tu ndiye huioni.

Nyumbani mama mkwe akasema maziwa yamelala, yanatakiwa kuamshwa. Akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa, kisha akachukua kitana cha mbao, akanichana titi kutoka juu mpaka kwenye chuchu kama anachana nywele. Ndivyo alivyofanyiwa na yeye ujanani. Niliuma kanga. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka, huku anasema, "Vumilia, mwanangu, vumilia." Nadhani yale maji ya moto yalinituliza kidogo. Kitana kiliniharibu. Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka na kuwa laini katikati, unabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, ngozi imekuwa ya zambarau. Mkono wa kushoto sikuweza kuuinua. Chuchu ilitoa kitu cha njano chenye harufu.

Mama mkwe akasema, "Nenda kwenu ukapumzike."

Kila mwanamke hapa anajua maana ya kuambiwa nenda kwenu mtoto akiwa anadhoofika. Nilifunga mzigo nikiwa natetemeka. Hapo ndipo Festo alipopata sauti. Alifunga karakana, akamchukua Lusajo mgongoni mwanaume mzima, akasema, "Haendi peke yake. Na haendi kupumzika, anakwenda hospitali." Mama Eliza alikuwa uani kwake anatutazama. Festo akamsalimia vizuri kabisa, tukapita.

Mbeya tulifika hospitali na mama yangu akatufuata huko huko na kapu lake. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alinivua mwenyewe, akanigusa kwa ncha ya vidole, akasema, "Hili ni jipu. Limekomaa. Tunalipasua leo."

Nikamwuliza, "Daktari, mtoto atanyonya tena?"

"Tuanze na wewe, mama. Wewe ndiye mgonjwa."

"Mimi nauliza hilo."

Akaniangalia, akaacha kuandika. "Atanyonya. Titi lina njia nyingi za maziwa, zilizoziba si zote. Ila usiache kukamua, hata hili bovu. Ukiyaacha ndani yatatuletea jipu jingine."

Nilichomwa ganzi, lakini nilisikia vitu vinakwenda. Ulitoka usaha wa kijani na njano, umechanganyika na maziwa, ukajaa bakuli la chuma. Harufu yake sitaisahau, kama jibini iliyosahaulika. Walinijaza shashi ndani ya kidonda na kila siku wakawa wanaivuta na kuweka nyingine. Ile kuvutwa, jamani. Kuzaa nilipiga kelele kidogo, kuvutwa shashi nilimwita marehemu bibi yangu kwa jina lake la utotoni. Lakini homa ilishuka. Kwa mara ya kwanza nilikula ndizi nikasikia utamu wake.

Nesi wa wodi ile tulimwita Sista. Alipomaliza kidonda akauliza, "Na huyu mtoto anakula vipi?"

Nikauvuta mkoba karibu yangu. Mama yangu akasema, "Mwonyeshe."

"Mama, watanifokea."

Sista akasema, "Sikufokei. Nataka kuiona tu."

Tangu chupa ile inunuliwe, hakuna mtaalamu aliyewahi kuomba kuiona. Nikaitoa kwenye nepi. Sista akaitia maji, akafunga, akaigeuza juu chini. Maji yakamwagika kama bomba limeachwa wazi, mpaka kwenye viatu vya Festo.

"Ilikuwa hivi mliponunua?"

Nikasema, "Sijui." Kisha nikakumbuka kwamba mwanzoni Lusajo alikuwa anakawia.

Festo akaichukua ile chuchu, akaisogeza dirishani. Yeye maisha yake yote ni matundu. "Hili tundu limechomwa," akasema. "Tazama ukingo umeyeyuka, umekuwa mweusi." Akanitazama, mimi nikamtazama, tukajua wote wawili.

Alipiga simu hapo hapo, akaweka sauti kubwa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu! Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Mama, chuchu ya chupa ya Lusajo nani ameitoboa?"

"Mimi. Kwani imeziba tena?"

Wodi nzima ikageuka kututazama.

Festo akauliza, "Ulitoboa ya nini, mama?"

"Uji ulikuwa haupiti! Wa ulezi, mwepesi tu. Baridi yote hii utamwachia mtoto maziwa matupu kama ndama? Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaichoma motoni. Wote tumewalea hivyo. Wewe mwenyewe uliupata."

Wagonjwa wakacheka, hata mama wa kitanda cha jirani aliyekuwa na mshono akashika tumbo akisema, "Jamani msinichekeshe." Mimi sikucheka. Safari hii sikucheka. Nilikuwa nawaza: kwa tundu la sindano ya magunia mimi nimeitwa malaya.

Sista alitueleza taratibu. Mtoto kwenye titi anafanya kazi. Anavuta, anasubiri, maziwa yanakuja. Chupa ikimimina, hafanyi kazi yoyote, anameza tu asizame. Akirudi kwenye titi anavuta mara mbili, haoni mmiminiko, anadhani hakuna kitu, anakasirika. Hakuwa ananikataa mimi. Alikuwa amezoeshwa bomba. Na uji ndio uliomwendesha, tumbo lake lilikuwa bado. Huku kwangu titi halinyonywi, kazini halikamuliwi vya kutosha, chuchu imepasuliwa na kikombe cha pampu, wadudu wakapata mlango.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo si kubemenda?"

Akasema, "Mama, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeona matundu mengi. Hilo lingine sijaliona."

Lusajo akawa anapewa maziwa yangu kwa kikombe kidogo, analamba kama paka. Siku moja Sista alitutuma mimi, Festo na mama tukatafute chupa nyingine kwa ajili ya kazi, maana hakujifanya kwamba kazi nitaacha. Tuliingia duka la mama mmoja wa Kihindi mjini. Nilimwomba kujaribu chuchu zake kwa maji nikidhani atanifukuza. Akaleta beseni. "Jaribu, dada, mpaka uridhike." Tukazigeuza moja moja. Nyingine zilimimina hata mpya. Tukapata moja laini, yenye kitako kipana mtoto anachoweza kukijaza mdomoni, na ukiigeuza inatoa tone, inakaa, inatoa tone. Haikuwa na picha yoyote. Pampu pia alinipa yenye kikombe kikubwa, chuchu inaingia bila kugusa kando.

Tukahamia Mbalizi kwa mama kusubiri kidonda kifunge. Sista alikuwa ameniagiza, "Mweke kifuani ngozi kwa ngozi. Mtolee matone ya kwanza akute tayari yanakuja. Na usimlazimishe, ukimlazimisha atalichukia." Nikafanya. Lusajo akakataa. Nikafanya tena. Akakataa. Festo alirudi Mafinga kwenye kazi zake, nikabaki nalijaribu titi la kulia kama mtu anayegonga mlango wa watu waliohama.

Nitasema jambo la aibu. Siku zile, pamoja na maelezo yote, nilianza kujiuliza kama labda nimebemenda bila kujua. Kama inawezekana kwa mawazo tu. Nilijipekua. Nilikumbuka nani aliwahi kunishika mkono kiwandani akinipa gundi. Hivyo ndivyo neno baya linavyofanya kazi. Ushahidi ninao, chuchu iliyochomwa iko kwenye mfuko, na bado najitafuta kosa.

Ikaja mvua ya mchana, ile ya Mbeya inayopiga bati mpaka hamsikizani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, Lusajo kifuani ndani ya kanga, amesinzia. Mama mlangoni anabishana na mteja kwa kupiga kelele. "Parachichi hilo unalibonyeza ya nini? Ni mgonjwa?" Mimi nasikiliza, nacheka peke yangu. Nikasikia kitu cha joto. Nikaangalia chini. Ameshika. Macho amefumba, amelishika la kulia, anavuta, anasubiri, anavuta. Nikaacha kupumua. Kisha nikasikia anameza. Mama aligeuka, akaona, akafungua mdomo kupiga vigelegele, nikamkonyeza kwa ukali sana akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mteja akauliza, "Kuna nini?" Mama akamnong'oneza, "Chukua hilo, nenda nalo tu."

Baada ya hapo akakubali na la kushoto, kidonda kilipofunga. Lina kovu refu kama mdomo uliofumbwa. Maziwa yake ni machache kuliko ya kulia, lakini yapo.

Mama mkwe alikuja Mbalizi na kiroba cha unga. Alimkuta Lusajo ananyonya. Akasimama mlangoni hata kuvua kandambili hakukumbuka.

"Ananyonya," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakaa. "Nilisema neno baya. Na nilimwacha Mama Eliza aliseme nyumbani kwangu." Kisha akainua kidole, "Lakini sindano niliichoma mpaka ikawa nyekundu. Uchafu haukuwepo."

Mama yangu akaangua kicheko, na mimi nikacheka, safari hii kwa kupenda. Nikamjibu, "Uchafu haukuwepo, mama." Ni kweli, haukuwepo. Alirudi hapa Mafinga akaenda moja kwa moja kwa Mama Eliza akamweleza lilivyokuwa, na tangu hapo hapiti tu nyumba yenye mtoto. Anaingia, anasalimia, anasema, "Leteni chupa niione," anaigeuza. Ikimimina anaikata chuchu kwa kisu hapo hapo. Wengine wamekasirika. Waliokasirika wako humu, msimchukie.

Sasa ushauri wangu, kama mimi ni mtu wa kushauri. Mtoto akiweza kikombe, kikombe ni salama zaidi na kinaoshwa kirahisi. Ukilazimika kutumia chupa kwa sababu ya kazi, usichague picha. Igeuze. Idondoke tone tone. Mtoto umkalishe, usimlaze chali, chupa uilaze kidogo, umpumzishe katikati kama anavyojipumzisha kwenye titi. Osha, chemsha kila mara. Tundu usiliongeze, na uji usubiri mpaka miezi sita. Pampu isikuumize, ikikuumiza si uvivu wako, haikuenei. Titi likiwa jekundu na wewe unatetemeka, usikubali kurudishwa nyumbani bila mtu kulitazama. Lifunue mwenyewe mezani kwa nesi. Na wewe mtaalamu, omba kuiona chupa kabla ya kuisema vibaya.

Na mtoto akilikataa titi, angalieni chupa kabla ya kuangalia ndoa ya mtu.

Kazini nimerudi. Safari hii hatukwenda mmoja, tulikwenda wote wenye watoto, na karatasi ya daktari, na Festo akasimama nje ya geti. Msimamizi akatupa kona ya stoo, nyuma ya magunia ya gundi. Mlango haina, kwa hiyo tumeweka pazia. Pazia ni kitenge changu mimi, misumari ni ya Festo. Juzi msimamizi alinipitia akasema, "Umeona? Sasa uwe unashukuru."

Nimefikiri sana juu ya hilo, kwa sababu sipendi kuwa mtu asiye na shukrani. Namshukuru Mungu kwa uhai wangu. Namshukuru daktari aliyeacha kuandika akanijibu. Namshukuru Sista, na mama wa dukani na beseni lake. Namshukuru Festo alipopata sauti, ingawa alichelewa. Namshukuru mama yangu. Namshukuru mama mkwe, ambaye amekaa pale mbele na Lusajo mapajani, na mnaona wenyewe mikunjo ya mikono ilivyorudi.

Kwa lile pazia simshukuru mtu. Nikimaliza kusoma hapa namchukua mtoto wangu nimnyonyeshe, nje kwenye benchi, mchana huu, bila kitenge.